Mbwa wako haskii? Mikono, tochi, kola ya kutetema ama kugonga mbao, ipi ya kuanza nayo

Miezi kama mitano hivi nilimnunia mbwa wangu bure. Anaitwa Popi, ana miaka 11, chotara wa Alsatian na mbwa wa kawaida wa mtaa, tunaishi naye Kahawa West, Nairobi, kwa ploti yenye geti moja ya mabati, na kila jioni nikimuita aje akule alikuwa analala tu pale chini ya tangi la maji kama hakuna mtu amesema kitu. Alafu bwanangu anatoka, anaita mara moja na ile sauti yake ya kutoka tumboni, na Popi huyo mbio, mkia juu. Mimi nikakata shauri kwamba huyu mbwa amejua ni nani hununua mifupa. Kumbe maskini masikio ndio yalikuwa yanaenda, na mbwa akizeeka zile sauti nyembamba za juu ndizo huanza kupotea, mluzi, funguo, mtoto akiita, mama akiita, zile nzito zinabaki nyuma kidogo ndio nazo zinafuata. Saa hii hata bwanangu anaita mpaka anachoka.

Tangu majirani wajue, kila mwenye mbwa mzee ananiuliza anunue nini. Na jirani wa ploti ya nyuma naye alinunua kambwa keupe pe, jicho moja bluu, akakaita Unga, na kakatokea ni kiziwi tangu kuzaliwa. Kwa hivyo nimekaa karibu na wote wawili, mmoja aliskia miaka kumi akaacha, mwingine hajawahi kuskia hata mlango ukifungwa, na vitu vingi tumevijaribu kwa huyu na kwa yule. Nitaweka kando kwa kando venye nimeona, na pale ambapo nina upande wangu nitasema.

Kiburi ama masikio?

Angalia sikio lenyewe, si mbwa. Mbwa mwenye kiburi anaskia vizuri, sikio linageuka kidogo kama sahani ya TV likitafuta sauti, anakutupia jicho moja, alafu anaamua leo hapana. Mbwa asiyeskia, sikio halitingiki hata. Hiyo peke yake ingeniokolea miezi mitano ya kununa.

Mengine niliyaona nikayapa majina mabaya. Nilikuwa narudi kazini, nafungua geti, napita karibu na yeye na mfuko wa sukuma, bado amelala, nikasema amekuwa mvivu. Nikimgusa anaruka na kunguruma, nikasema uzee umemharibu tabia. Nikimuita akiwa uani anaangalia upande wa kwa jirani badala ya kwangu, na hii naomba uishike, juu masikio mawili ndio hufanya mbwa ajue sauti inatoka wapi, moja likidhoofika kabla ya lingine anaskia lakini hajui aangalie wapi. Akaanza pia kubweka sana na kwa sauti kubwa. Alafu usiku wa mwaka mpya, baruti zikilia kila upande, huyu ambaye miaka yote alikuwa anajiingiza nyuma ya friji akitetemeka, alilala fofofo. Tulicheka tukasema Popi amekomaa.

Kuna kitu kinafanana na uziwi lakini sicho, nacho ni ule usahaulifu wa mbwa wazee. Huyo utamkuta amesimama amekodolea ukuta, ama amekwama nyuma ya mlango hajui kutoka, ama anazunguka usiku kucha na mchana analala, ama anajisaidia ndani na hakuwa na hiyo tabia. Mbwa kiziwi hapotei ndani ya kompaundi yake, ramani bado iko kichwani. Anaweza kuwa na yote mawili, uzee hauji na mzigo mmoja, lakini dawa na mpango wake ni tofauti kwa hivyo mwambie veti, daktari wa wanyama, unachoona bila kuchanganya.

Uchafu, uzee, ama alizaliwa hivyo?

Hapa ndio nataka ukae kidogo, juu kati ya hizi tatu moja inatibika na watu wengi huirukia kwenda kununua vifaa.

Ya kwanza ni sikio kuziba ama kuwa na ugonjwa. Nta imejaa, ama kuna maambukizi, fangasi, utitiri, mbegu ya nyasi imeingia, ama ngoma ya sikio imepasuka. Sauti haifiki ndani lakini mashine ya ndani bado ni nzima. Dalili zake zinaonekana na zinanuka: anakuna sikio, anatingisha kichwa, anakiinamisha upande mmoja, ndani kuna weusi ama usaha, harufu kama ya chachu. Huyu akitibiwa vizuri anaweza kuskia tena.

Ya pili ni uzee. Hakuna harufu, hakuna kukuna, inaingia polepole hadi unashindwa kusema ilianza lini. Ndani kabisa ya sikio kuna vijiseli vyenye vinywele vidogo sana ambavyo hushika mtetemo na kuupeleka kwa ubongo kama sauti, na kwa mbwa vikifa havimei vingine. Kawaida huanza kwa theluthi ya mwisho ya maisha ya mbwa. Hakuna dawa ya kurudisha, mtu akikuuzia dawa ya kurudisha mwachie na dawa yake.

Ya tatu ni ya kina Unga. Hii inatembea na rangi. Seli zinazotengeneza rangi ya ngozi na manyoya zinahitajika pia ndani ya sikio kulisha ile sehemu ya kuskia, zikikosekana huko ndani vijinywele vinakufa mbwa akiwa bado wa wiki chache. Ndio maana weupe mwingi kichwani, macho ya bluu na ile rangi ya madoadoa ya kuchafuka (wanaiita merle) huja na hatari hii zaidi. Dalmatian, yule mweupe wa madoa meusi, ndio maarufu, kwa vipimo vilivyofanywa Marekani karibu 3 kati ya 10 walionekana na shida ya sikio moja ama yote mawili. Si kila mbwa mweupe ni kiziwi, nisieleweke vibaya, lakini ukienda kununua kambwa keupe ka jicho bluu na muuzaji anakuharakisha, simama nyuma yake kwanza upige makofi.

Sasa kisa changu. Nilipoanza kushuku masikio ya Popi nilienda agroveti moja, duka la dawa za mifugo (sitaitaja), nikaeleza, kijana akanipa chupa ya matone ya masikio bila kumwona mbwa, na mimi nikalipa na M-Pesa nikaenda nikamdondoshea siku nne. Siku ya tano nikampeleka kwa veti mwenyewe, mama fulani mtaratibu, akachukua kile kifaa chake chenye taa akachungulia, akaniuliza ni dawa gani hii. Akanieleza kwamba matone mengi ya masikio yana dawa kama gentamicin ama neomycin, na kama ngoma imepasuka dawa ikapita hadi ndani inaweza kuua hata kile kuskia kidogo kilichobaki. Ya Popi haikuwa imepasuka, bahati yangu. Lakini mimi ningejuaje? Njia ya sikio la mbwa si moja kwa moja kama yetu, inashuka chini alafu inakata kona kama herufi L, na tochi ya simu haipindi kona. Na vile vijiti vya pamba wacha kabisa, vinasukuma nta iende kukaa kwa hiyo kona.

Kwa hivyo agroveti ama veti? Veti, kabla ya kitu chochote. Hakikisha amesajiliwa na Kenya Veterinary Board. Kule Upper Kabete pia, kitivo cha mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi, wana kliniki ya wanyama wadogo. Ukienda uliza swali moja tu, sikio limeziba ama halijaziba. Likiwa safi na ngoma ni nzima na mbwa ni mzee, basi rudi nyumbani tuendelee na hapa chini.

Kupima mwenyewe ama kupimwa na mashine

Ya nyumbani ni ya bure na inadanganya kama hujui. Kosa la watu wote ni kupiga makofi mbele ya mbwa, anaona mikono, ama kugonga sufuria karibu, anaskia upepo na mtetemo kwa miguu, alafu unasema anaskia huyu. Fanya hivi: ngoja alale ama awe amekupa mgongo, simama mbali kidogo, upepo usitoke kwako kwenda kwake juu pua yake haijazeeka, usikanyage kwa nguvu. Anza na sauti nyembamba, funguo ama mluzi. Alafu karatasi ya plastiki. Alafu sauti nzito, gonga debe tupu nje ya mlango. Angalia sikio. Usirudie kitu kimoja mara kumi, mbwa anayeskia vizuri naye huchoka akapuuza. Popi alikosa funguo, akakosa mluzi, kwa debe sikio moja likatingika kidogo tu. Unga hakutingika kwa chochote lakini nilipofungua kitoweo upepo ukielekea kwake aliamka kama askari.

Sikio moja likiwa limekufa na lingine zima, hapo nyumbani ni vigumu kugundua, mbwa wengi huonekana sawa tu, labda akosee upande sauti inatoka.

Ya mashine wanaita BAER. Wanaweka visindano vidogo chini ya ngozi ya kichwa, wanapiga sauti za tik-tik kwa sikio moja moja, na kompyuta inachora mawimbi ya ubongo ukijibu. Mchoro ukiwa na vilima anaskia, ukinyooka hapo haskii. Inaweza kufanywa kambwa kakiwa na wiki tano hivi na kuendelea. Piga simu kwanza uulize kama mashine iko kabla ya kupakia mbwa kwa gari. Mimi kwa mbwa mzee siwezi kulipia, jibu likija ni ndio ama hapana bado kesho nitamfundisha mikono ile ile. Kwa mtu anataka kuzalisha mbwa weupe ama Dalmatian, huyo namwambia alipe, na akipata kiziwi hata wa sikio moja asimzalishe, juu watoto ndio watalipia.

Sasa vifaa

Nitaanza na kile watu huniuliza sana lakini hakina maana kwa mbwa mzee: firimbi ya mbwa, ile ambayo binadamu haskii. Kwa hezi, kipimo cha wembamba wa sauti, sisi tunafika kama 20,000, mbwa mwenye masikio mazima hufika karibu 45,000, na firimbi hiyo imewekwa huko juu. Na ni huko juu ndiko mbwa mzee ameanza kupoteza! Mwenzangu mmoja alinunua akapuliza hadi mbwa wa mtaa mzima wakaja isipokuwa wake. Kama mzee wako bado anaskia kidogo, debe na sauti ya baba vitafanya kazi kuliko hiyo.

Mikono. Bei ni vipande vya maini. Haina betri, stima ikipotea iko, ukimpeleka mbwa kwa mama mkwe iko. Na mbwa kusema kweli walikuwa wanasoma mwili wetu kitambo kuliko maneno, nusu ya mambo Popi alikuwa anafuata hata sikujua ni mkono wangu anaangalia. Sisi tunatumia sita tu: kidole gumba juu ni umefanya vizuri, mkono wote ukifagia kuelekea kifuani ni njoo, kiganja wima ni simama hapo, kidole kikielekeza chini ni kaa, mikono miwili ikifunguka ni imeisha hakuna kitu tena, na vidole mdomoni ni chakula. Zifanye kubwa na za mkono mmoja kama inawezekana, juu mkono wa pili utakuwa na kamba ama ndoo. Na nyumba nzima itumie zile zile, kijana wangu alikuwa ameanzisha zake na Popi akawa anatuangalia kama mtu amekaa kwa mkutano wa lugha asiyoijua.

Tofauti kubwa ya wawili hawa iko hapa. Popi alikuwa na maneno tayari, kwa hivyo unaweka ishara kwanza alafu neno lile lile, siku chache ishara inabeba neno. Kwa hivyo kama mbwa wako ana miaka minane ama tisa na bado anaskia, anza ishara leo, itakuwa rahisi sana kuliko kungoja. Unga hakuwa na kitu, karatasi tupu. Yeye alifundishwa jambo moja kabla ya yote, kuangalia uso. Kila akiangalia jirani machoni bila kuitwa, kipande. Wiki mbili kambwa kakawa kanageuka kila hatua tano kuangalia kama bado yupo, kama mtoto sokoni. Bila hiyo mikono ni bure, juu udhaifu wa mikono ni mmoja: mbwa akikupa mgongo umekwisha.

Tochi. Hii ndio inajaza pengo la usiku, na mimi naipenda kuliko vyote tulivyonunua. Ya kawaida ya maduka ya Luthuli Avenue mjini, nililipa shilingi 400. Unaimulika chini mbele yake, ukiwasha na kuzima mara mbili, si machoni tafadhali, na akigeuka anapata nyama. Popi alishika kwa siku tatu. Soja wetu wa usiku naye anaitumia, zamani alikuwa anapiga mluzi mbwa atoke njiani afungue geti, sasa anamulika. Kuwasha na kuzima taa ya nje pia hufanya, hadi stima ipotee. Udhaifu: mchana haionekani, saa saba jua la utosi unaweza kumulika hadi betri iishe. Na usinunue ile ya laser ya nukta nyekundu. Nukta haishikiki, mbwa wengine hurukwa na akili wakabaki kuwinda vivuli ukutani siku nzima.

Kola ya kutetema. Jirani aliagiza ya Unga kwa mtandao, ikamgharimu mara kumi ya tochi yangu. Ni kola yenye kiboksi kidogo na rimoti, ukifinya inatetema kama simu iliyozimwa sauti. Nguvu yake ndio ile mikono na tochi hazina: mbwa amekupa mgongo, ni mchana, ako nyuma ya nyumba, unafinya na anajua unamtaka. Kwa mtu mwenye shamba kule Kamulu ama Kitengela, nyasi ndefu, nusu ekari na zaidi, naona ni pesa ya haki. Kwa ploti yetu ambayo ukitupa kiatu unagonga ukuta, hapana.

Na ina mambo yake. Mtetemo wenyewe hauna maana yoyote kwa mbwa hadi umfundishe kwamba maana yake ni niangalie mimi kuna nyama. Ukimvalisha tu na kufinya akiwa mbali unamtisha, Unga siku ya kwanza alikimbilia chini ya gari akakaa saa nzima hadi wakamtoa na sosej. Wakaanza upya, wakaishika mkononi, ikatetema sakafuni, nyama, ikatetema tena, nyama, siku kadhaa kabla ya kurudi shingoni. Angalia pia rimoti vizuri kabla hujalipa. Nyingi za bei ya chini zina vitufe vitatu vimekaa pamoja kama ndugu, sauti, mtetemo na shoti. Shoti ya nini kwa mbwa ambaye hajakosa? Na mtoto akichukua rimoti je? Tafuta ambayo haina shoti kabisa, hii ya jirani ilikuwa nayo na fundi wa simu hapa steji akautoa waya wa hiyo shoti. Vile vichuma viwili vinavyogusa shingo pia vikikaa siku nzima vinatoboa ngozi, kwa hivyo ivae wakati wa mazoezi na matembezi, usiku itoke. Alafu kuchaji. Nani anakumbuka kuchaji kola.

Kukanyaga sakafu. Kila mahali kwa mtandao utaambiwa kanyaga sakafu mbwa ataskia mtetemo kwa miguu. Nilikanyaga, jamani, nilikanyaga hadi mpangaji wa chini akatuma ujumbe. Hizo ni nyumba za sakafu ya mbao za watu wengine huko, hapa kwetu ni zege na vigae, na zege haibebi kitu cha maana kutoka mguuni kwangu. Lakini wazo si baya, ni kutafuta kitu kinachobeba. Popi mwenyewe ndiye alinionyesha. Aliacha kulala chini ya tangi akahamia getini, anaweka mgongo kwenye bati lenyewe kabisa, na mtu akigusa komeo anaamka kabla hajafungua. Mtetemo wa bati unamfikia mgongoni. Hapo nikapata akili nikanunua paleti moja ya mbao ya mtumba, nikaweka gunia na blanketi kuukuu juu, akawa analala hapo. Nikitaka kumwamsha nagonga ukingo wa paleti na ncha ya kiatu mara mbili. Anafungua jicho polepole bila kuruka. Kati ya vitu vyote nimefanya hicho ndicho cha maana kwa mbwa wa kulala sana.

Ukiniuliza kwa kifupi mbwa mzee wa ploti: mikono, tochi na paleti, haifiki elfu mbili. Kambwa kiziwi kenye nguvu nyingi na nafasi kubwa: mikono kwanza miezi kadhaa, alafu kola. Na mzee ambaye macho nayo yameanza ukungu mweupe, mikono itamwacha muda si mrefu na tochi pia, huyo ndiye mbwa wa mjini ningemnunulia kola, ama nimfundishe miguso, bega la kulia njoo, kiuno kaa.

Kumwamsha, hii usiichezee

Mbwa mzuri kabisa akishtuliwa usingizini anaweza kuuma kabla hajajua ni nani, si ubaya, ni mwili. Kwa hivyo kuna njia mbili kama hana paleti. Moja ni kuweka kiganja karibu na pua yake ungoje harufu yako imwamshe, polepole lakini haimshtui kabisa. Ya pili ni kumgusa bega, mahali pale pale kila siku, kidogo sana, na akifungua jicho tu anapata kipande cha nyama, hadi kuguswa usingizini kugeuke kuwa habari njema. Kwa nyumba yenye watoto wadogo mimi nasema ya pua kwa watu wazima, na watoto wasimwamshe kabisa. Kitanda chake kisikae kwa njia ya kupita. Mwambie na msichana wa kazi, na mtu wa gesi, na mtu wa maji.

Unga ana lingine la ziada, anauma kwa mchezo na meno yanaingia. Watoto wa mbwa hujifunza kupunguza meno mwenzao akilia uii, na yeye huo uii hauskii. Jirani akiumwa anasimama, anageuka, mchezo umeisha, sekunde kumi anarudi. Inafanya kazi ila ni kazi ya kila siku.

Kamba ama kumwachilia

Hapa hakuna ulinganisho. Kamba. Mbwa kiziwi haskii boda ikitoka nyuma bila taa, haskii matatu ikirudi nyuma, na hakuskii wewe ukipiga kelele. Msitu wa Karura mbwa hutakiwa kutembezwa kwa kamba, na ni mahali pazuri kwa hawa kwa sababu hiyo hiyo, si rahisi mbwa wa mtu amrukie kwa nyuma. Kama unataka akimbie tafuta uwanja wenye ukuta pande zote ama kamba ndefu ya mita kumi, ya kufungia mizigo tu, yenye kitanzi kimeshonwa vizuri, na ifungwe kwa mshipi wa kifua isimkate shingo akifika mwisho kwa kasi.

Kengele shingoni wengi hudharau, eti kiziwi na kengele wapi na wapi. Kengele ni yako wewe. Popi akienda nyuma ya nyumba naskia ako wapi. Na kwa kola yake tumemuandikia na rangi isiyotoka, SISIKII, na nambari ya simu chini yake, juu akipotea mtu atamuita, atapuuza, na mtu atachukua jiwe.

Kuleta mbwa wa pili awe masikio yake?

Wananishauri sana hili. Kuna mbwa viziwi ambao humfuata mwenzao, mwenzake akiinuka naye anainuka. Nimeona Popi na Unga wakiwa pamoja ni kama watu wawili kila mmoja anangojea mwenzake aamke. Kwa ulinzi kusema kweli tunategemea soja na komeo, Popi ni pua tu sasa, na pua yake bado inamjua mtu mgeni kutoka kona ya pili kama upepo uko upande wake. Mbwa wa pili ni pakiti ya pili ya unga wa ugali, chanjo ya kichaa cha mbwa ya pili kila mwaka, na akiwa na tabia ya kukimbilia geti atamfundisha kiziwi kukimbilia geti. Kama ulikuwa unataka mbwa wa pili tayari, sawa. Kama ni kwa ajili ya masikio, nunua tochi na ubakishe chenji ya maini.